Mjakazi Aliyetajwa Katika Amri

Ijumaa alasiri katika kaunti za Kisii na Nyamira, nchini Kenya, ina haraka yake. Nguo za kanisani zinapigwa pasi, viatu vya watoto vinasuguliwa matope, chakula cha kesho kinapikwa na kufunikwa, sakafu inapigwa deki, kwa kuwa jua likizama Sabato imeingia na kazi imekoma. Waadventista Wasabato wana zaidi ya miaka mia moja katika milima hii, na misheni yao ya Nyanchwa, pembeni mwa mji wa Kisii, imezaa makanisa mpaka kwenye vijiji ambavyo lami haijavifikia. Hata asiye Msabato huku anajua ni duka lipi atalikuta limefungwa Jumamosi. Swali ninalotaka kulifuata linaanzia jikoni: ni nani anayezifanya hizo kazi za Ijumaa? Na kesho yake, mtoto mchanga akilia na nepi ikijaa, ni nani ambaye kwake kazi haijakoma? Katika nyumba ambamo baba na mama wote wana ajira, majibu yote mawili mara nyingi ni mtu mmoja, yule tunayemwita yaya, au msichana wa kazi, au kwa midomo ya watoto wenyewe, anti.

Amri yenyewe imemtaja. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 20, kinawapanga wanaopaswa kupumzika siku ya saba mmoja baada ya mwingine: mwenye nyumba, mwanawe, bintiye, mtumwa, mjakazi, mnyama, hata mgeni aliye malangoni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inairudia orodha hiyo kisha inaongeza sababu: watumishi wapumzike sawasawa na bwana wao, naye bwana akumbuke kwamba alikuwa mtumwa Misri. Wakatoliki wa misheni ya Nyabururu huihesabu amri hii kuwa ya tatu na Wasabato wa Nyanchwa kuwa ya nne, lakini maneno ni yale yale, na anayeambiwa ni yule yule, yaani mwenye nyumba. Mjakazi haamrishwi kupumzika, maana hana uwezo wa kujipa mapumziko; anayeamrishwa ni yule mwenye uwezo huo mkononi. Kipimo alichopewa ndicho kinachonishughulisha. Angeambiwa tu kwamba mjakazi apewe kinachomtosha, au kinachobaki, tungeweza kubishana mpaka kesho kuhusu kiasi. Aliambiwa ampe sawa na anachojipa. Nadai kwamba mtu akikipokea kipimo hiki kwa uaminifu hawezi kukifunga ndani ya saa ishirini na nne za Jumamosi. Kazi inayostahili pumziko sawa na langu ni kazi iliyo sawa na yangu, na kazi iliyo sawa na yangu inastahili pia vile vingine ninavyovidai kwa ajili ya yangu: ujira unaojulikana, heshima ya jina, na mafunzo. Hayo mafunzo ndiyo tuliyoyasahau kuliko vyote. Mwalimu wa shule ya msingi alipitia chuo cha ualimu, muuguzi alipitia chuo cha uuguzi, dereva wa matatu hawezi kushika usukani bila leseni. Ndani ya nyumba ya mwalimu na muuguzi huyo, kazi moja tu haina wa kuifundisha, nayo ni ile waliyompa mtu awafanyie juu ya mwili wa mtoto wao.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Aliyeitunga methali hiyo aliliweka neno kazi pale penye uzito. Ajabu ni kwamba kazi hiyo ikifanywa na mtu wa kulipwa, mdomo wetu unageuka: huyu hana shughuli, anakaa tu na mtoto. Mwanamke wa miaka arobaini, mwenye watoto wake sekondari, ataendelea kuitwa msichana wa kazi mpaka azeeke. Ekegusii, lugha ya huku, kina neno lenye adabu zaidi, omoreri, linalotokana na kitenzi cha korera, ambacho ni ndugu wa damu wa kulea cha Kiswahili. Omoreri na mlezi ni neno moja lililopita njia mbili. Neno hilo lina historia iliyoandikwa. Kati ya 1955 na 1957, Robert na Barbara LeVine kutoka Marekani walifanya utafiti miongoni mwa Abagusii, katika jamii waliyoipa jina la Nyansongo, na kitabu chao cha 1966 kinamweleza omoreri bayana. Alikuwa mtoto wa kike, mara nyingi wa miaka sita hadi kumi, dada au binamu wa mtoto mchanga, anayekabidhiwa kumbeba, kumbembeleza na kumlisha uji mama akiwa shambani analima wimbi na mahindi. Hakulipwa, wala hakuwa na cheti.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapopata nguvu. Watu wazima wa Gusii watauliza, na wana haki ya kuuliza: kama mtoto wa miaka minane aliweza kutulea sisi, mafunzo haya mnayoyadai ni ya nini? Kulea ni silika, anayempenda mtoto atajua la kufanya, na asiyempenda hata mkimsomesha miaka mitatu hatafaa. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito kwa sababu nusu yake ni kweli. Upendo haufundishwi darasani. Lakini linasahau omoreri aliishi wapi. Aliishi ndani ya boma. Nyanya alikuwa ameketi nje ya nyumba yake hatua chache kutoka hapo, mama alikuwa katika shamba linaloonekana kwa macho, wake wa baba zake wadogo walipita mara kumi kwa siku, na mtoto mchanga akilia kilio kisicho cha kawaida, jicho la mtu mzima liligeuka. Omoreri alikuwa mwanafunzi katika shule isiyo na ukuta. Aliona, akajaribu, akakaripiwa, akajaribu tena. Aristotle aliwahi kueleza kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, akaongeza jambo linalosahauliwa na wengi wanaomtaja: ni kwa kujenga huko huko watu huwa wajenzi wabaya pia, na hiyo ndiyo sababu walimu wapo. Mazoea peke yake huimarisha kosa kama yanavyoimarisha ujuzi. Tulichokipoteza, basi, ni mwalimu aliyekuwa amesimama karibu. Silika iko pale pale.

Tulimpotezaje? Kwa mambo mema, kwa kiasi kikubwa, na hili halina budi kusemwa ili mtu asidhani ninaililia zamani. Serikali iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, ikaifanya shule ya msingi yote kuwa bila malipo mwaka 2003, na tangu 2018 imeshikilia kwamba kila anayemaliza msingi aende sekondari. Kila hatua hiyo ilimtoa omoreri uani ikampeleka darasani, na ndipo anapostahili kuwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto wa umri wa shule kupewa kazi inayomzuia kusoma. Wakati huo huo ardhi ilimegwa na kumegwa tena kati ya wana wa kiume, mpaka familia nyingi za Nyamira zikabaki na kishamba cha chai, migomba michache na ng'ombe mmoja, na wazazi wakalazimika kutafuta shilingi nje ya shamba: kuchuma majani kwa kilo ili yapelekwe kiwandani Kebirigo au Sanganyi, kufundisha, kuuza ndizi Keroka, kufanya kazi hospitalini au katika Chuo Kikuu cha Kisii. Pengo lililobaki nyumbani likazibwa na mtu wa kuajiriwa. Yeye anafanya kazi ya omoreri bila boma la omoreri. Yuko ndani ya nyumba ya kupanga Kisii mjini au Suneka, geti limefungwa, nyanya yuko kilomita thelathini, mama atarudi saa moja usiku. Likimpata jambo saa nne asubuhi, alicho nacho ni simu, kama ina salio.

Tuangalie saa hiyo ya nne asubuhi kwa makini, kwa sababu hoja yote inasimama hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Miezi mitatu iliyo kati ya sheria na ushauri huo inaangukia mikononi mwa yaya. Ni yeye atakayeamua kama maziwa yaliyokamuliwa asubuhi bado yanafaa, kama atayanywesha kwa kikombe safi au kwa chupa ambayo haikuchemshwa, au kama ataona mtoto hashibi akamwongezea uji mwepesi kwa nia njema kabisa. Baada ya hapo huja umri wa kutambaa, na pamoja nao jiko la makaa, sufuria ya uji, ndoo ya maji, kipande cha ndizi kinachosakama kooni. Milima ya Gusii inajulikana kwa malaria inayokuja kwa milipuko. Mtoto wa huku hakuzoea ugonjwa huo kama wa kandokando ya ziwa, na homa inayoanza asubuhi huweza kuwa degedege kufikia jioni. Anayehitaji kujua tofauti kati ya homa ya kusubiri na homa ya kukimbilia zahanati ni yule aliye naye mchana. Mtoto akihara, ni yeye anayepaswa kujua kuchanganya chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, na kwamba kumnyima kinywaji ili kuhara kukauke ni hatari. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki kina mengi ya haya, na tangu Septemba 2023 serikali imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii nchini kote wapite nyumba kwa nyumba. Lakini kijitabu hukabidhiwa mama na kuwekwa kabatini, na mhudumu akibisha hodi huuliza kama mama yupo. Maarifa yanampita pembeni mtu anayeyahitaji zaidi, wala hapana aliyekusudia iwe hivyo.

Maandiko yana kisa kinachonirudia kila ninapolifikiria hili. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4, habari za kifo cha Sauli na Yonathani zinafika kutoka Yezreeli. Yaya wa Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani mwenye miaka mitano, anambeba na kukimbia. Kwa ile haraka mtoto anaanguka, na analemaa miguu maisha yake yote. Msimulizi hamlaumu yaya. Alikuwa peke yake, ameogopa, na alichokifanya alikifanya kwa kumpenda mtoto. Jina lake halikuandikwa. Nasoma hapo ukweli ambao wengi wetu hatutaki kuukubali tunaposikia mtoto ameumia mikononi mwa msichana wa kazi na hasira zikapanda: madhara mengi hayatoki kwenye ubaya wa moyo. Hutoka kwenye haraka, uchovu na kutojua, na yote matatu yana dawa iliyo mikononi mwa mwenye nyumba. Wapo wakatili, bila shaka, na sheria iwakute. Lakini nyumba inayojilinda dhidi ya ukatili kwa kamera, na dhidi ya uchovu na kutojua haifanyi lolote, imejilinda dhidi ya hatari iliyo ndogo.

Kuna pingamizi lingine, linalotoka kwa watu waliosoma, nalo nalipenda kwa sababu linatuzuia tusiwe na kiburi. Mafunzo ya nani, wanauliza. Si yatakuja na picha za nyumba za London, na kumfanya mama wa Kigusii na yaya wake waone kwamba kila walichorithi ni ushamba? Robert LeVine mwenyewe alirudi Gusii kati ya 1974 na 1976 na timu ya madaktari na wanasaikolojia, na kitabu chao kilichochapishwa 1994 kilionyesha kwamba mama wa Kigusii wa wakati ule alimjibu mtoto upesi alipolia, alilala naye, alimnyonyesha mara nyingi, ila alizungumza naye kidogo na kumtazama usoni kidogo kuliko mama wa Boston. Hawakusema kwamba mama huyo alikosea. Walisema malezi yake yalilenga kwanza kumweka mtoto hai katika nchi ambayo vifo vya watoto vilikuwa vingi, na mazungumzo yangekuja baadaye, kutoka kwa ndugu wakubwa. Nakubaliana nao, na ndiyo maana nasema mafunzo yaanze na yaliyopo. Mbeleko haina haja ya kusahihishwa. Uji wa wimbi na mboga ya managu havina haja ya kuombewa radhi. Lakini ule mpango wa zamani uliwategemea ndugu wakubwa walete maneno, na ndugu hao sasa wako shuleni mpaka jioni. Asipozungumza yaya, mchana mzima utapita bila mazungumzo. Hapa pia namwona yaya akidharauliwa mahali anapostahili kusifiwa: katika nyumba nyingi za mjini wazazi huzungumza na mtoto kwa Kiingereza na Kiswahili, na mtu pekee mwenye Ekegusii kizima, chenye mafumbo yake na hadithi zake, ni msichana aliyetoka Borabu au Nyamache. Kumkataza asimwongeleshe mtoto kwa lugha hiyo ni kumfukuza mwalimu tuliyekwisha kumlipa.

Kwamba kazi hii inafundishika halihitaji kubishaniwa tena, maana serikali imekwisha kukiri. Mwanamke wa Kisii anayetaka kwenda Riyadh au Doha kufanya kazi za nyumbani anatakiwa apitie mafunzo kabla ya kusafiri, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ina mtaala na mitihani ya kazi za utunzaji wa nyumba. Sitaki kuubeza mpango huo. Wanawake wetu wameteseka Ghuba, na maarifa ni sehemu ya ngao yao. Lakini mtu na aliweke hili kwenye mizani. Kwa mtoto wa Riyadh tunasema mlezi asiyefunzwa hafai. Kwa mtoto wa Nyamira tunasema yeyote anayepatikana anafaa. Katiba ya 2010 haikuona hivyo. Jedwali la Nne, katika majukumu ya kaunti, limeweka katika mstari mmoja elimu ya awali, vyuo vya ufundi vya vijiji, vituo vya sayansi ya nyumbani na vituo vya malezi ya watoto. Vyuo vya ufundi viko Kisii na Nyamira, vinafundisha ushonaji, useremala, uchomeleaji na umekanika. Kozi fupi ya ulezi, alasiri mbili kwa wiki kwa miezi michache, ingeingia humo bila kujengwa ukuta mpya. Kanisa nalo lina wajibu wake. Kanisa humwandaa mwalimu wa darasa la watoto katika Shule ya Sabato, anayekaa nao kama saa moja kwa juma. Yaya akishinda na mtoto saa kumi kwa siku, siku sita, ni saa sitini. Akina mama wa Dorkasi, kikundi cha hisani cha kanisa, ambao miongoni mwao wamo wauguzi na walimu wastaafu, wanajua zaidi ya kutosha kumfunza huyo wa saa sitini, kama wangeona kwamba naye ni shamba la Mungu.

Pingamizi gumu kuliko yote hujivika nguo za upole. Huyu, watasema, hatumwajiri hasa. Ni mtoto wa binamu, tumemtoa kijijini, tunamsaidia. Tunakula naye meza moja. Ukianza habari za mkataba na ratiba ya mafunzo umeleta ubaridi wa ofisi mahali penye undugu. Najua undugu huo katika nyumba nyingi ni wa kweli. Lakini fadhili na haki havipimwi kwa mizani moja. Fadhili ni yangu, naweza kuitoa leo na kuizuia kesho, na anayeipokea hana budi kushukuru. Haki ni yake hata nikiwa nimekasirika. Nyumba inayomlipa yaya kwa lugha ya msaada imejichukulia uhuru wa kupunguza msaada huo kila karo ya shule inapobana, na imemwachia yeye kinywa cha kushukuru tu. Tena dhana kwamba ujira hufukuza upendo inakanushwa na kisa ambacho kila mtoto wa Shule ya Sabato anakijua. Binti Farao alipomwokota Musa mtoni, alimkabidhi mwanamke wa Kiebrania amlee na akaahidi kumlipa mshahara. Mwanamke yule alikuwa Yokebedi, mama mzazi wa Musa. Hapakuwa na mtu duniani aliyempenda mtoto yule kuliko yeye, na alipokea ujira. Waislamu wa Kisii mjini nao wanamkumbuka Halima Saadia, mlezi wa Mtume, mwanamke wa jangwani aliyechukua mtoto wa kunyonyesha kama ilivyokuwa kazi ya wanawake wa kabila lake, na Mtume akamheshimu mpaka ukubwani mwake. Pesa haikuharibu kitu katika visa hivyo. Kinachoharibu kiko katika kisa cha tatu, cha Hajiri, mjakazi wa Sara, ambaye mwili wake ulitumiwa kuijenga nyumba ya wengine kisha akafukuziwa jangwani na mkate na kiriba cha maji. Sara pia angeweza kusema kwamba walikula pamoja.

Na pesa yenyewe? Hapa siwezi kupita haraka. Nyongeza ya Novemba 2024 iliufanya mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kupita shilingi 16,000 kwa mwezi. Mashambani kiwango ni kama nusu ya hicho. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo, mwenye mtoto wa miezi minne, hawezi kulipa hata hiyo nusu. Kumwambia amri inamdai ni kumwongezea mzigo maskini ili maskini mwenzake apumue. Nalikubali hilo lote. Lakini nakataa hatua inayofuata, ile inayosema kwamba kwa kuwa hawezi, basi msichana wa miaka kumi na minne aliyeacha shule anaweza kuchukuliwa kwa sabuni na nguo za Krismasi. Umaskini wa mwajiri haumpi haki ya utoto wa mwingine. Kwa mama wa namna hiyo suluhisho ni kituo cha malezi cha kijiji karibu na mahali pa kununulia majani, chenye walezi wawili waliofunzwa na watoto kumi na wawili, na hapo ndipo ule mstari wa Jedwali la Nne unapogeuka kutoka maneno kuwa bajeti. Kwa walio na mshahara, walimu, makarani, wafanyabiashara, madiwani, wahadhiri, sauti yangu haina huruma nyingi hivyo. Wengi wao hulipa bando la intaneti na mafuta ya gari bila kunung'unika, na ujira wa yaya ndio wa mwisho kutafutiwa fungu. Mara nyingi hutolewa na mama peke yake, kama kwamba mtoto ni wake peke yake na kazi ya nje ya mama ndiyo iliyosababisha gharama. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza ujira wa kibarua ulale kwa mwajiri mpaka asubuhi. Sijaona tafsiri yoyote ya Biblia inayosema ulale mpaka muhula wa pili.

Wanaohofia kwamba yaya akifunzwa ataondoka niwajibu kwa maneno machache. Wengine wataondoka. Hata mwalimu aliyefunzwa huhama shule, na hatujawahi kufikiri kufunga vyuo vya ualimu kwa sababu hiyo. Anayebaki kwa kuwa hajui pengine pa kwenda hajabaki kwa hiari, na mtoto anayelelewa na mtu aliyefungiwa hunyonya pamoja na maziwa ile huzuni ya mlezi wake.

Nirudi kwenye Sabato, kwa kuwa pingamizi la mwisho ni la kidini na ndilo linalostahili jibu la kidini. Mtoto, watasema, hachukui likizo. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba matendo ya rehema ni halali siku ya Sabato, na kumlisha mtoto mchanga ni rehema. Kwa hiyo yaya akifanya kazi Jumamosi amri haijavunjwa. Nusu ya kwanza ni sahihi. Nepi lazima ibadilishwe, uji lazima upashwe moto, homa haingoji jua lizame. Lakini kama ni tendo la rehema, basi liko wazi kwa kila mkono ulio nyumbani humo, na mikono ya kwanza inayodaiwa rehema hiyo ni ya baba na mama. Rehema inayofanywa na mtu mmoja yule yule, kwa agizo, wiki baada ya wiki, wakati wengine wameketi, ni kazi. Hata Sheria ya Ajira, isiyotaja Mungu, inamwagiza mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila saba, na inampa likizo ya siku 21 kwa mwaka. Serikali ya Kenya na mlima wa Sinai zimekutana kwenye namba hiyo, na yaya wa Gusii angali anasubiri.

Ikishikwa amri kama ilivyoandikwa, Ijumaa jioni ingekuwa na jambo moja zaidi la kuandaliwa, nalo ni makabidhiano. Yaya angeketi na wazazi kabla jua halijazama awaeleze: mtoto amelala mara mbili leo, usingizi wa mchana ni mfupi siku hizi, jino linatoka upande wa kushoto, ndiyo maana anakataa kijiko, ukimbeba begani hapendi, mgeuze atazame mbele, neno lake jipya ni amache, akiona maji hulisema. Baba angelazimika kuuliza kijiko kiko wapi. Kisha yaya angechukua mkoba wake, akalale kwao au kwa rafiki, aende kanisani akiwa na nguo aliyojichagulia na mikono mitupu, na kesho kutwa asubuhi wamwambie wao yale waliyoyaona.